Gemu za onlaini kwenye PS na Xbox huku Mtwara na Lindi: zitafika, lakini mlango wake ni kibanda

Mwana_Shangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Swali hili naulizwa sana hapa Mtwara mjini, na minada ya korosho ikianza ndiyo linazidi, maana hela inapita mitaani: "Kaka, nikivuta PS5 nitacheza onlaini na watu wa nje?" Nimeona nijibu kwa urefu, na wenye uzoefu wa Lindi, Masasi, Newala na Nachingwea waongezee nyama.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Onlaini ya konsoli kusini itakuja na itakaa. Ila haitaanzia sebuleni kwa mtu mwenye hotspoti ya simu. Itaanzia kwenye vibanda vya gemu, kwa laini moja nzuri inayolipiwa na mfuko wa mtaa mzima.

Kwanza hili la umbali. Gemu ikilagi, yaani ikichelewa kuitikia vitufe, watu wanasema "Mtwara mbali". Mtwara siyo mbali kiasi hicho. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Hapa hadi Dar ni kilomita 560 hivi kwa barabara. Faiba ikifuata njia hiyohiyo, kwenda na kurudi ni milisekunde kama 6. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde inatumia karibu milisekunde 17 kwa picha moja, kwa hiyo safari nzima ya Mtwara–Dar haifiki hata nusu ya picha. Hakuna jicho linaloiona.

Kazi inaanzia Dar kwenda mbele. Seva za gemu nyingi, yaani kompyuta zinazoendesha mechi, ziko Ulaya, na njia ya kebo za baharini kupitia Bahari Nyekundu mpaka huko ni kama kilomita elfu kumi. Kwa hesabu tupu umeshapoteza milisekunde 100 kwenda na kurudi, vituo vya njiani hujavihesabu bado. Milisekunde 100 ni picha sita. Kwenye mpira, picha sita zinatosha beki wako achelewe kunyoosha mguu.

Halafu kuna kinachouma kuliko pingi kubwa (pingi ni huo muda wa kwenda na kurudi, kwa milisekunde), nacho ni pingi isiyotulia. Nimelishuhudia kwenye kibanda kimoja Chikongola, jioni ya mvua, mashine imeunganishwa na simu iliyobandikwa dirishani kwa selotepu ili ishike mtandao. Dogo anaongoza 2–1. Pingi inasoma 170, ameshaizoea, pasi anazitoa mapema kidogo na zinafika. Kwenye dakika ya 80 pingi ikaruka 600, ikashuka 180, ikaruka tena. Kipa akaganda na mikono juu. Picha iliporudi mpira ulikuwa wavuni, na mpinzani alishaanza kushangilia. Dogo akawa anaigeuza padi anaikagua vitufe, kumbe padi haina kosa lolote. Kuchelewa kwa kiasi kilekile mchezaji anakuzoea. Kuchelewa kunakobadilika kila dakika hakuzoeleki. Na mawimbi ya simu ndivyo yalivyo: mnara mmoja tunagawana wote, saa mbili usiku kila mtu yuko kwenye video, wewe unasubiri zamu yako.

Tuje kwenye bando. Wengi wanadhani kucheza ndiko kunakomaliza MB. Mechi yenyewe inatuma vitu vidogo tu: uko wapi, umebonyeza nini. Saa nzima kwa kawaida haifiki MB 200. Kinachokula ni kushusha gemu na kuapdeti. Call of Duty za sasa zinapita GB 100. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde isiyoyumba hata kidogo, GB 100 ni saa 22 za kushusha. Kwa bando la wiki hiyo haiendi.

Kwenye kibanda hesabu inageuka. GB 100 zinashuka mara moja, zinachezwa na mtaa mzima. Faiba moja, akaunti moja, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) moja. Mteja anatoa jero yake anacheza. Korea Kusini walipita hapohapo: StarCraft ilipotoka mwaka 1998, vijana hawakusubiri kila nyumba iwe na kompyuta na laini ya kasi, walikwenda kwenye vile vibanda vyao wanavyoviita PC bang. Vibanda vikachangia kuieneza intaneti ya kasi nchi nzima. Naomba tujadili.

Korosho_Ghafi

Mkuu nakuheshimu, ila hapa nakupinga. Vibanda vinakufa. Majengo nilikokulia ukipita jioni ulikuwa unasikia kelele za magoli kutoka kila kona, sasa hivi TV zimefunikwa vitambaa. Dogo wa leo yuko na simu yake. Konami waliachana na jina la PES, gemu yao ya mpira, mwaka 2021, wakaleta eFootball ya bure, watoto wanaicheza onlaini kwenye baraza la msikiti wakisubiri adhana. PS inataka TV, umeme, meza, na hela ya mtaji. Kwa nini arudi kibandani?

Mwana_Shangani

Kwa sababu ya padi, TV kubwa na wenzake waliomzunguka wakimpigia kelele. Na yule wa simu simhesabu kama amepotea. Ukuta kati ya mashine na mashine umeshaanza kubomoka: Sony walikataa muda mrefu wachezaji wa PS4 kukutana na wa konsoli za kampuni nyingine, Septemba 2018 wakakubali kuanza na Fortnite, na leo gemu kubwa nyingi zinawachanganya watu bila kujali nani ana nini. Mtoto aliyejifunza kutafuta mpinzani onlaini kwa simu akiingia kibandani hahitaji kufundishwa.

Fundi_Ruta

Mleta uzi ameeleza vizuri pingi lakini ameruka kitu ninachoitiwa mimi kila wiki: NAT.

Mitandao ya simu haina anwani za kutosha za mfumo wa zamani wa IPv4 kumpa kila mteja yake, kwa hiyo wateja wengi sana wanafichwa nyuma ya anwani moja. Huko kufichwa ndiko NAT. Kuperuzi na kutazama video hakuna shida, kwa sababu wewe ndiye unayeanza kuita. Gemu ni tofauti. Mashine ya mwenzako inatakiwa ikufikie wewe, na haijui upo mlango gani. Ndiyo hapo PS inakuandikia NAT Type 3, Xbox inakuandikia Strict. Unaingia, unaona menyu, unatafuta mpinzani, inazunguka weee. Au unampata lakini sauti hamsikilizani.

Watu wananiita niwafungulie milango kwenye ruta. Naweza kukufungulia ruta yako yote na isisaidie kitu, kwa sababu mlango uliofungwa uko kwa mtoa huduma. Kwa hiyo anayetaka kufunga laini ya kudumu kwa ajili ya gemu aulize kabla ya kulipa: mnatoa anwani ya umma, yaani ya mteja peke yake? Wengine wanaitoa kwa nyongeza kidogo. Na laini ikifika, chomeka waya mpaka kwenye mashine. Mita kumi za kebo ya mtandao hazina bei, na zinaondoa yumbayumba ya Wi-Fi ya kibanda chenye kuta za bati.

BabaJunia

Nimepitia gemu toka enzi za kaseti za Sega, niongeze historia kidogo kwa sababu naona vijana mnadhani hili swali ni jipya.

Kuanzia mwaka 1994 Marekani kulikuwa na kifaa kinaitwa XBAND, unakipachika kwenye Sega au Super Nintendo, kinapiga simu kwa laini ya mezani unacheza na mtu wa mji mwingine. Sega wakatoa Dreamcast, Japani Novemba 1998, modemu iko ndani yake tayari. Phantasy Star Online ikatoka mwishoni mwa 2000, watu wa mabara tofauti wanapigana na dubwana moja pamoja. Lakini mwanzoni mwa 2001 Sega wakatangaza kuacha kutengeneza mashine. Wazo lilikuwa sahihi, biashara ikawashinda.

Ndipo akaja Microsoft. Xbox ya Novemba 2001 ilikuwa na tundu la kebo ya mtandao na haikuwa na modemu ya simu kabisa. Xbox Live, huduma yao ya kucheza onlaini, ilipofunguliwa tarehe 15 Novemba 2002, ukiwa huna intaneti ya kasi huingii. Na wakati huo nyumba nyingi za Marekani bado zilikuwa zinapiga simu kuingia mtandaoni! Sony wao waliuza adapta ya PS2 pembeni mwaka huohuo, ikakubali laini zote mbili. EA, watengenezaji wakubwa wa gemu za michezo, walikaa mbali na Xbox Live mpaka 2004. Mwishoni mwa mwaka huo Halo 2, gemu ya Xbox ya kupigana risasi, ikatoka na mjadala ukaisha.

Ninachokisoma hapo: aliyeikataa laini mbovu toka siku ya kwanza ndiye aliyeweka kipimo, kwa sababu kila aliyeingia alikuta gemu inachezeka na sauti za wenzake zinasikika. Kwa hiyo mimi niko na mleta uzi. Mwenye kibanda asitangaze "onlaini ipo" kwa hotspoti ya dirishani. Mteja akionja mara moja ikaganda, hiyo jero nyingine hutaiona.

Dada_Mikindani

BabaJunia shikamoo. Kaka zangu wengine habari zenu. Mimi ni mwenye kibanda, naongea ya upande wa pili wa meza.

Gharama mnazozitaja ni nusu. La kwanza kabisa ni mashine zenyewe. Vibanda vingi huku vina PS3 na PS4 zilizofunguliwa mfumo ili zicheze gemu za kunakili. Mashine ya namna hiyo huiapdeti, ukiiapdeti imejifunga. Na bila kuapdeti, PSN (mtandao wa Sony wa PlayStation) hairuhusu kuingia. Kwa hiyo mwenye kibanda anachagua: gemu nyingi bila kulipia, au onlaini. Vyote viwili hakuna. Mimi nimetenga mashine moja tu safi, gemu zake za kununua, nyingine nimeziacha zilivyo. Sitaki kudanganya watu kwamba ni rahisi.

La pili akaunti. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN. Unafungua kwa nchi nyingine, wengi Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, na nchi ukishaichagua huibadilishi. Ukinunua vocha ya nchi tofauti na akaunti yako hela imekwenda. Nimeona wateja wamelia kwa hilo. Mnakumbuka Mei 2024 ile kelele ya gemu ya Helldivers 2? Sony walitaka wachezaji wa kompyuta wote wawe na akaunti ya PSN, nchi zetu zikawa nje, dunia ikapiga kelele mpaka wakarudi nyuma. Ilinipa moyo, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona watu wa huko wanatetea na sisi tusiokuwepo kwenye orodha.

Halafu ada. PS Plus, ada ya Sony ya kucheza onlaini, ile ya chini kabisa kwa akaunti ya Marekani ilipandishwa Septemba 2023 kutoka dola 59.99 hadi 79.99 kwa mwaka. Mtaji mdogo unasikia hiyo. Gemu za bure kama Fortnite hazihitaji ada hiyo, na Xbox nao waliondoa sharti hilo kwa gemu za bure Aprili 2021, kwa hiyo anayeanza aanzie huko.

Mengine ni malezi. Sauti ya wachezaji nimeizima, matusi ya kigeni mtoto wa darasa la tano anayashika haraka kuliko hesabu. Na mwenye sare ya shule haingii mchana. Wazazi wa Mikindani wananijua.

Korosho_Ghafi

Dada hapo kwenye mashine safi moja umenifanya nifikirie upya. Na hizi PS5 Pro zilizokuja Novemba 2024 bila sehemu ya diski je? Biashara ya diski za mkononi kutoka Kariakoo si ndiyo imekufa?

Dada_Mikindani

Inakufa polepole. Sehemu ya diski unaweza kuinunua pembeni, lakini ni hela nyingine. Diski kwetu ni akiba: nikiichoka naiuza Lindi. Gemu ya kushusha siiuzi kwa mtu. Na gemu ya onlaini tupu hata ukiinunua si yako sawasawa. Concord ya Sony ilitoka Agosti 2024, haikumaliza wiki tatu ikazimwa, watu wakarudishiwa hela. Nintendo nao wakazima onlaini ya mashine zao za Wii U na 3DS Aprili 2024. Kwa hiyo mimi sinunui gemu isiyochezeka watu wawili kwenye kochi moja. Onlaini ikizimwa, kibanda kiendelee.

Nachingwea_Mjini

Mnaongea faiba kama iko kila mtaa. Mkongo wa taifa umefika mikoani, sawa, lakini kutoka mkongo hadi mlangoni kwa mtu wa Nachingwea au Ruangwa ni hadithi nyingine. Na umeme? Ukikatika PS4 katikati ya kuapdeti, ukiiwasha inaanza kukarabati hifadhi yake, wateja wamekaa wanakutazama.

Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, Starlink, ile intaneti ya satelaiti, ilianza kazi 2023. Satelaiti zake ziko chini, kama kilomita 550 juu, ndiyo maana pingi yake inachezeka. Zile za madishi ya zamani zinakaa karibu kilomita 36,000 juu, kwenda na kurudi unapita nusu sekunde, usithubutu. Kwa vijiji vyetu mimi naona jibu litatoka juu, siyo ardhini.

Fundi_Ruta

Kwa vijiji nakubaliana na wewe. Jua tu kwamba na wao kwa kawaida wanakuweka nyuma ya anwani ya pamoja, kwa hiyo NAT unaweza kukutana nayo tena. Kwenye umeme: PS5 ikiwa kwenye gemu inavuta kama wati 200, TV ongeza. UPS haitakupa jioni nzima, inakupa dakika za kumaliza mechi na kuzima vizuri. Ruta inakula kidogo mno, ipe betri yake peke yake.

Kilwa_Kwetu

Msisahau Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ikakatika huku kwetu Somanga, magari yakalala. Tarehe 12 mwezi huohuo kebo za EASSy na SEACOM zikakatika baharini, intaneti nchi nzima ikachechemea. Tukawa hatuna barabara wala mtandao. Anayewekeza kwenye onlaini tupu akumbuke hilo.

Mwana_Shangani

Kilwa_Kwetu umegusa ninachotaka kusema toka mwanzo. Fikiria vijana wawili, mmoja Mikindani mmoja Lindi mjini, wanacheza gemu ambayo seva yake iko Ulaya. Kila kitufe kinakwenda Ulaya kurudi Lindi. Kebo ikikatika Bahari Nyekundu, mechi ya Mtwara na Lindi imekufa. Hii haikubaliki, na ndiyo sababu naona seva za karibu ni muhimu kuliko kasi. Microsoft walifungua vituo vyao vya seva Afrika Kusini 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, kwa hiyo mwenye gemu akitaka kuweka seva bara hili nafasi ipo. Kinachokosekana ni wachezaji wa kutosha waonekane kwenye hesabu zake. Akaunti zetu zote zinasoma nchi nyingine, atatuonaje?

Fundi_Ruta

Wakati tunasubiri, kuna gemu ambazo hazihitaji seva ya Ulaya kwenye mechi yenyewe. Gemu za ngumi. Street Fighter 6 ya 2023 na Tekken 8 ya Januari 2024, mechi ikianza mashine mbili zinaongea zenyewe moja kwa moja. Seva inawakutanisha tu. Na zinatumia mbinu ya kukisia: mashine inabashiri mpinzani atabonyeza nini, ikikosea inarudi nyuma picha chache na kusahihisha, wewe huoni.

Mtwara na Lindi mkiwa na laini za kudumu zenye anwani za umma, mawasiliano yenu yataishia Dar, kwenye kituo cha TIX ambako watoa huduma wanabadilishana trafiki ya ndani, kisha yanarudi Lindi. Kilomita kama elfu moja. Kwa hesabu ya mleta uzi hiyo ni milisekunde 10 kwenda na kurudi. Hata ikizidi mara tatu, Tekken inachezeka kama mmekaa kochi moja. Mwenzenu nimeipima kwa wateja wawili wenye faiba na sikuona tofauti ya kusumbua.

Dada_Mikindani

Fundi, hii mbona hukuisema mapema! Tekken kibandani kwangu ndiyo inayojaza watu Ijumaa. Kuna mwenye kibanda Lindi mwenye laini ya kudumu na mashine safi? Ada ya PS Plus mimi ninayo tayari.

Mtanda_Moja

Dada habari. Mimi niko Lindi, mashine ninayo, PS5 ya diski, faiba ilifungwa kabla ya mfungo. Anwani ya umma sijui kama ninayo.

Fundi_Ruta

Mtanda_Moja, kesho piga simu kwa mtoa huduma uulize. Kisha ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya PS5, pima muunganisho, uangalie inasema NAT Type ngapi. Ikisema 2 mko tayari. Ikisema 3 usinunue chochote, nitumie picha ya ukurasa wa ruta kwanza, ufiche namba ya siri.

Mtanda_Moja

Nimepima sasa hivi. Inasema Type 2.

Dada_Mikindani

Basi Ijumaa baada ya isha. Leteni watu wenu, mimi naleta wa Mikindani. Anayefungwa anaachia padi.